Manyoya Kwenye Suti za Mazishi

Mlioniacha juma lililopita nikiwa nimepiga magoti sakafuni, sindano mkononi, nikichomoa unyoya mmoja mmoja kwenye suti nyeusi, nawaambia mapema: magoti bado yanauma na mambo yamezidi kuharibika.

Kwa wanaoingia leo, mimi ni fundi wa suti. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele. Ndani ya nyumba hiyo tupo mimi, mke wangu, mama mkwe wangu, na wanyama wawili wa mama mkwe. Kuna paka mnene wa manyoya marefu meupe. Jina lake Waziri, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na kila mtu lazima amhudumie. Halafu kuna mbwa mdogo, naye mweupe, aitwaye Pamba. Ukimpapasa mara moja unabaki na manyoya ya kujaza mto.

Mteja wangu mkubwa ni mwenye kampuni ya mazishi. Mtaani tunamwita Bwana Mazishi, akiwa hayupo. Aliagiza suti nane nyeusi za wabebaji wake wa jeneza, ila kwanza akataka moja ya mfano. Nikaishona. Mbebaji wa mbele akaivaa kwenye mazishi ya watu wakubwa, manyoya ya Waziri yakampanda puani, akapiga chafya tatu mfululizo, jeneza likalala upande. Halikuanguka. Lakini mfiwa mmoja alimwuliza yule mbebaji kama ametoka kuchinja kondoo.

Bwana Mazishi akanirudishia suti ndani ya mfuko wa plastiki. Anaongea kwa sauti ya chini siku zote, kana kwamba chumba cha pili kuna msiba.

"Fundi, una wanyama?"

"Wanyama? Mimi?" nikasema. "Nyumba yangu hata mende anabisha hodi."

Akanitazama. Akasema atakuja Jumamosi saa nne asubuhi kukagua chumba cha kazi. Akiona unyoya mmoja, kitambaa chake kinavuka barabara kwenda kwa fundi wa ng'ambo. Hapo ndipo tulipoachana.

Mke wangu alipopata habari hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kujificha.

"Mume wangu," akasema, "kazi hii ikipotea kwa ajili ya manyoya, wanyama wanatoka."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, Waziri mapajani, anashona. Hakuinua hata kichwa.

"Wakitoka wao, na mimi natoka. Sikuja hapa na sanduku. Nilikuja nao."

"Mama, mimi sijakutaja wewe."

"Na mimi sijasema umenitaja."

Sasa hapa kuna jambo ambalo nimewaficha tangu hadithi hii ianze. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Suti zangu zinasifika kwa matundu ya vifungo. Watu wanapita mafundi watatu kuja kwangu kwa ajili ya matundu. Yanashonwa kwa mkono, uzi umebanana, ukingo umetulia, huoni pa kuanzia wala pa kumalizia. Bwana Mazishi mwenyewe alinijia kwa matundu. Alisema kwenye msiba watu hawajui wapeleke macho wapi, kwa hiyo huwatazama wabebaji kifuani.

Matundu hayo sijawahi kushona mimi. Anashona mama mkwe. Tangu ahamie kwetu, miaka mitano sasa, kila tundu ni lake. Yangu mimi yalikuwa kama macho ya mtu aliyeshinda analia. Na mama mkwe hashoni bila Waziri mapajani. Anasema magoti yake yana baridi na paka ndiye dawa. Kwa hiyo manyoya yanayoniaibisha na matundu yanayonipa jina yote yanatoka kwenye mapaja yale yale.

Wateja wakisifu, huwa nainamisha kichwa na kusema, "Aa, ni kazi ya mkono tu." Sijawahi kusema ni mkono wa nani. Yeye naye hajawahi kuuliza nasema nini huko mbele, ingawa mlango wa katikati ni wa mbao nyepesi na masikio yake ni mazima.

Basi mnaelewa sasa. Kazi ikipotea, wanyama wanatoka. Wanyama wakitoka, mama mkwe anatoka. Mama mkwe akitoka, mimi nabaki fundi wa kutia zipu.

"Jibu ni mashine," nikamwambia mke wangu. "Mashine ya kufyonza vumbi."

"Ya bei gani?"

"Nafuu."

"Nafuu kwa nani?"

Mwishowe alinipa fedha alizokuwa anatunza kwa ajili ya mapazia mapya. Akaniambia nitazame kichwa changu cha kununua, maana anakijua.

Jumanne nikaenda duka la vyombo vya umeme. Nilikwenda kitaalamu. Nilibeba mfuko wa manyoya ya Pamba na kipande cha zulia letu nilichokikata chini ya kabati, mahali ambapo mke wangu hajaona mpaka anaposoma gazeti hili. Nikamwaga vyote kaunta.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mrefu, kalamu sikioni. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Mtihani," nikasema. "Lete mashine zako."

Akacheka, akaleta tatu. Ya kwanza kubwa, nyekundu, ina taa mbele. "Hii inafyonza mpaka dhambi," akasema. Nikasoma bei yake, nikairudisha chini polepole kama mtoto wa watu. Ya pili ilikuwa ya wastani, rangi ya kijivu, ina mkwaruzo mrefu ubavuni kwa sababu ilikaa dirishani kama ya maonyesho. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, nyepesi, inachajiwa kama simu. Kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya paka anayetabasamu.

Nikaielekeza ile ndogo kwenye manyoya ya kaunta. Vuup. Yakaisha.

"Umeona?" nikasema.

"Hayo yalikuwa juu juu, kaka. Hata ukiyapuliza yataondoka. Jaribu yale yaliyoingia kwenye zulia."

"Imetosha."

"Sikiliza. Usidanganywe na sauti wala namba kwenye boksi. Manyoya ya mnyama yanajisuka ndani ya nyuzi, upepo peke yake hauyatoi. Angalia kama ina brashi inayozunguka. Angalia chujio, kama linafulika, la sivyo vumbi litatokea nyuma. Hii ndogo ni ya makombo ya mkate kwenye gari."

"Dada," nikasema, "nimeshika vitambaa miaka ishirini na miwili. Leo nyuzi unanifundisha wewe?"

Akaandika risiti. Muuzaji mzoefu anajua wakati wa kumwacha mteja apotee kwa miguu yake mwenyewe.

Nilitoka na ile ndogo kwa sababu mbili: ilikuwa rahisi kuliko zote, na yule paka wa kwenye boksi. Nilidhani anatabasamu kwa kuridhika. Sasa najua alikuwa ananicheka.

Jumatano asubuhi nikaiwasha chumbani. Mbele ikavuta, nyuma ikatapika. Manyoya yaliyokuwa yamelala kwenye zulia kwa amani mwaka mzima yakainuka, yakatembea hewani, yakatua kwenye cherehani, kwenye pasi, kwenye nyusi zangu. Pamba akakimbilia chini ya meza ya kukatia akitetemeka, na mbwa akitetemeka mnajua kinachodondoka. Waziri alikaa dirishani ananitazama kama waziri anayetazama mgomo.

Mke wangu akasimama mlangoni.

"Unafagia au unapanda?"

"Inaanza kuzoea," nikasema.

"Haifyonzi hiyo. Inahamisha."

Nikaendelea dakika tano nyingine kwa ajili ya heshima yangu. Kisha betri ikaisha.

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa katikati muda wote, akasema, "Nitafutie viatu vyangu. Kesho tunarudi dukani, mimi na wewe. Na Pamba."

"Pamba wa nini, mama?"

"Mashine ni ya nani?"

Mama mkwe huwa habishiwi, huwa anasubiriwa.

Alhamisi ikawa hivyo. Fundi mzima, futi ya kupimia shingoni, nimembeba mbwa kwapani, naongozana na mama mkwe barabarani mchana kweupe. Tulipopita mbele ya fundi wa ng'ambo akatoka nje na pini mdomoni.

"Jirani! Hongera! Mtoto kafanana na nani?"

"Kafanana na baba yake," mama mkwe akamjibu. "Wewe endelea kumeza pini."

Nilimpenda sana mama mkwe dakika ile, na nikaogopa kumwambia.

Dukani hakutazama bei. Alimwambia yule dada ageuze mashine zote chali.

"Mtu na mashine, tazama tumboni," akasema. Akatia kidole gumba kwenye brashi ya ile nyekundu, akaizungusha. Akatia kwenye ya kijivu, akaizungusha. Akafungua chombo cha kukusanyia taka, akakifunga, akakifungua tena kwa mkono mmoja. Akatoa chujio, akalinusa.

"Hili linafuliwa?"

"Kwa maji ya bomba tu, mama. Unalianika siku moja."

"Sasa ziwashe. Moja moja. Karibu na mbwa."

Ile nyekundu ilipowaka, Pamba alikwenda mpaka mlangoni, akakojolea boksi la jokofu. Ile ya kijivu ilipowaka akainua sikio moja, akafikiri, akalala.

"Hii," mama mkwe akasema. "Mashine inayotisha mnyama haitumiki. Leo unamwonea huruma, kesho unamwonea huruma, keshokutwa iko kabatini."

Yule dada akamtazama mama mkwe kama aliyekuwa akimsubiri tangu afungue duka. Akakipitisha kichwa cha ile ya kijivu kwenye kipande changu cha zulia nilichokiacha pale Jumanne, mara mbili, na zulia likarudi rangi yake ya zamani, rangi ambayo nilikuwa nimeisahau. Kisha wakakaa kujadili punguzo la bei kwa ajili ya mkwaruzo. Mama mkwe alitaka kujua mkwaruzo ule utafyonza nini. Yule dada alisema mkwaruzo hauhusiani na kufyonza. Mama mkwe akasema kama hauhusiani mbona uko pale. Walimalizana wenyewe, na ile ndogo ikapokelewa kwa hasara ambayo aibu yangu hairuhusu kuitaja.

"Mama, ungekuja na huyu tangu juzi," yule dada akasema akitufungia mzigo.

"Nilimwacha asome kwanza."

Njiani, mimi nimebeba mashine, yeye amemshika Pamba, akaniambia jambo moja. Naomba mlishike.

"Mwanangu, mashine hii ina meno. Ni ya zulia, viti, mapazia. Kazi usiiguse nayo. Suti tutazipangusa kwa kitambaa kibichi, mimi na wewe, taratibu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Ilikuwa ile ndiyo ya mkwe, ambayo si ndiyo.

Ijumaa mchana nikaanza kazi. Jamani, mashine nzuri ni ulevi. Zulia likawa zulia. Mapazia yaliyokuwa yamekosa fedha za kubadilishwa yakageuka mapya kwa muda wa dakika kumi. Nikaingia chini ya meza ya kukatia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaokoa vifungo vitatu na mkasi mdogo niliomshutumu nao mke wangu mwaka juzi. Waziri mwenyewe akaja, akajilaza chali mbele ya mashine, nikampitishia mgongoni, akafumba macho. Chombo kilijaa mara tatu. Nilijiona mtu mpya.

Ndipo nikauona. Unyoya mmoja, mrefu, mweupe, juu ya rundo la kitambaa cheusi mezani.

Naomba niwaeleze rundo lile lilikuwa nini. Vilikuwa vipande vya suti nane, vimekwisha kukatwa, vinasubiri kuunganishwa. Juu ya kila kipande nilikuwa nimeandika kwa chaki ya bluu: namba ya mbebaji, bega la upande gani, mshono upite wapi, kifungo kikae wapi. Bega si jambo dogo. Mtu aliyebeba majeneza miaka kumi, bega lake moja linashuka. Wanne wameshuka la kulia, wanne la kushoto, kila mmoja kwa kiasi chake, na ukikosea mtu anaonekana anainama kusikiliza siri.

Fundi mwingine angekuwa na daftari la vipimo. Mimi nilikuwa nalo. Siku moja fundi wa ng'ambo alikuja "kunisalimia", akapiga picha ukurasa kwa simu, na wiki ile ile wateja wangu watatu wakapigiwa simu waende kwake. Tangu hapo nikatangaza kwamba daftari ni la wanafunzi. Vipimo vyangu, nikawa nasema, viko kwenye kitambaa na kichwani. Hiyo ya kichwani niliongeza ili wateja wasikie vizuri.

Nikaweka kwenye bomba la mashine kichwa kidogo cha kufyonzea viti. Nikasema mara moja tu, unyoya ule tu. Ukaondoka kwa utamu wa ajabu. Kipande kikabaki cheusi, cheusi kabisa, cheusi cha kweli. Nikasema basi na cha pili. Na cha tatu. Nikavigeuza, nikavipitia mbele na nyuma, suti nane zote, huku napiga mluzi.

Nikazima mashine, nikarudi nyuma kutazama kazi yangu. Ilinichukua muda kujiuliza kwa nini weusi ule ulikuwa mzuri kiasi kile.

Nikafungua chombo. Chini kulikuwa na manyoya meupe ya Waziri. Juu yake, tabaka safi la unga wa bluu.

"Mbona umekaa chini?" mke wangu akauliza akiingia.

"Chaki."

"Chaki imefanya nini?"

"Imo humu."

Akachungulia kwenye chombo. Akatazama meza. Akashika ukuta.

"Daftari liko wapi?"

"Unajua sina daftari."

"Basi mpigie Bwana Mazishi uwapime watu upya."

"Nimwambie nini? Samahani bwana, wabebaji wako wamefyonzwa?"

Mama mkwe akatoka chumbani kwake. Akavaa miwani, akachukua kipande kimoja, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha. Hakusema "nilikuambia", na laiti angesema.

"Umeona, mama?" mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ilivyokuwa na hasira. "Manyoya yametuponza tena. Mimi nimefika mwisho."

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Kosa lilikuwa langu. Nilionywa, nikaitika, mkono ulioshika bomba ni huu. Lakini nilinyamaza. Nilimwacha Waziri alaumiwe kwa sababu Waziri hajibu.

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, akamwokota paka wake, akarudi ndani. Nikasikia mlango wa kabati la nguo ukifunguliwa.

Jumamosi chumba kilikuwa kinang'aa. Mke wangu alimwomba mama yake akae chumba cha nyuma na wanyama mpaka mgeni aondoke. Mama mkwe akasema sawa, akafunga mlango mwenyewe. Mashine tukaisimamisha kwenye kona. Vipande vya suti nikavipanga upya, vizuri sana, kama mtu anayejua ni vya nani.

Bwana Mazishi alifika saa nne kasorobo. Alikuwa amevaa glavu moja nyeusi. Akaipitisha juu ya cherehani, chini ya meza, nyuma ya pazia, kwenye mkono wa kiti cha mama mkwe. Kila mara aliipeleka kwenye mwanga na kuitazama. Hakuna kitu.

"Safi," akasema kwa sauti ya chini. "Safi kama chumba chetu cha ndani."

Nikashukuru. Sikuuliza chumba chao cha ndani ni kipi.

"Basi kazi ni yako, fundi. Nionyeshe kitu kimoja tu, nimwondoe wasiwasi mbebaji wangu wa mbele. Bega lake la kushoto limeshuka sana. Ile ya mfano uliishona kwa kipimo cha kawaida, na fundi wa zamani alimtia aibu. Lako umelikataje?"

Mke wangu akatazama dari. Mimi nikapeleka mkono kwenye rundo, nikachomoa kipande kwa uhakika wa mtu aliyekiota.

"Hiki hapa."

"Sicho," sauti ikasema nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni amevaa viatu vya safari. Mkoba wake mkubwa uko begani, Waziri yuko kwapani, Pamba yuko mguuni na kamba. Hakuwa amekuja kugomba. Alikuwa anapita kwenda nje, na njia ya kwenda nje inapita chumba cha kazi.

Akaweka mkoba chini, akamweka Waziri chini, akaja mezani. Akachukua kipande cha kushoto, akakilaza juu ya cha kulia, akapitisha kidole gumba ukingoni pale juu. Akaweka pembeni. Akachukua vingine. Jozi ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya sita kidole kikasimama.

"Hiki. Kimeshuka vidole viwili. Wanaomfuata wamepita kidole kimoja kidogo." Akazitenga jozi zote nane mbele yetu kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuzifuta. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Chaki inafutika, mwanangu. Mkasi haufutiki. Ungeniuliza jana."

Jana. Jana nilikaa nasikia kabati linafunguliwa na kufungwa, na sikuuliza.

Bwana Mazishi hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa anatazama meza. Waziri alikwisha kupanda, akajizungusha mara tatu, akalala juu ya bega la mbebaji wa mbele.

"Fundi," Bwana Mazishi akasema, chini kabisa. "Paka huyu ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wa mama mkwe. Ulikuwa ukweli mtupu. Mama mkwe mwenyewe asingekasirika. Alikuwa ameinama anaifunga vizuri kamba ya Pamba, mkoba uko tayari. Nikatazama kile kiti karibu na dirisha, kimefyonzwa, hakina unyoya hata mmoja, hakina mtu. Hofu iliyonishika pale haijawahi kunishika kwa ajili ya suti nane wala themanini.

"Wangu," nikasema.

Mama mkwe akaacha kufunga kamba.

"Ni wangu, na mbwa ni wangu, na nilikudanganya. Vipimo nimevifuta mimi kwa mashine. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Paka hakufanya kitu."

Mke wangu akanigeukia taratibu. Tumeoana miaka kumi na minane, na sidhani kama aliwahi kunisikia nikimaliza sentensi kama ile.

Bwana Mazishi akaitika kwa kichwa, vile anavyowapa pole wafiwa. Macho yake yakatoka kwa paka, yakaenda kwenye mkono wa mama mkwe. Kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, ilikuwa bado kidoleni. Kwenye shali lake ilichomekwa sindano yenye uzi mweusi, ule mzito, ule wa matundu.

"Na matundu ya vifungo?" akauliza. "Nayo ni yako?"

Miaka mitano nimeinamisha kichwa kila matundu hayo yakitajwa. Nilikuta shingo haikubali.

"Matundu si yangu."

Pamba akapiga chafya.

Nikasubiri aanze kukusanya kitambaa chake. Hakukusanya. Alivua glavu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akanipita kama mtu anavyopita kiti, akasimama mbele ya mama mkwe, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama," akasema, "mwaka huu nafungua tawi la pili. Wabebaji watakuwa kumi na sita, na madereva, na mimi mwenyewe. Nina chumba chenye dirisha kubwa, kiti cha kuegemea, na mshahara wa kila mwisho wa mwezi, kwa jina lako mwenyewe. Unaweza kuanza Jumatatu."

Mke wangu akakaa juu ya mashine ya kufyonza vumbi.

Mama mkwe akautazama mkoba wake, ambao ulikuwa umeshafungwa. Akanitazama mimi, muda mrefu, jinsi anavyotazama tundu kabla hajaamua kuliacha au kulifumua. Nilitaka kusema abaki. Badala yake nikaanza kupanga vipande ambavyo yeye alikwisha kuvipanga.

Akamgeukia Bwana Mazishi.

"Huko kwenu," akauliza, "paka anaruhusiwa?"